Goma na Masoko Yake: Mji Uliopangwa na Njia za Biashara

Mji wa Goma, makao makuu ya jimbo la Kivu ya Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, ukigusana na mji wa Gisenyi wa Rwanda upande wa mashariki, huku volkano ya Nyiragongo, yenye urefu wa mita 3,470, ikiusimamia kutoka kaskazini. Ardhi ya mji kwa sehemu kubwa ni mwamba mweusi wa volkano wenye udongo haba, kwa hiyo hauna mashamba makubwa ndani yake, na kwa kuwa viwanda vyake navyo ni vichache, karibu kila kitu kinacholiwa, kinachovaliwa au kinachowashwa jikoni huletwa kutoka kwingine. Hali hiyo ndiyo iliyoyapanga maduka na masoko ya Goma. Mtu anayetaka kujua kwa nini vitambaa vinauzwa hapa, samaki pale, na makala, kama mkaa unavyoitwa Kongo, mahali pengine kabisa, hana budi kutazama kwanza njia zinazoingia mjini, kwa sababu kila mtaa wa biashara ulikua pale ambapo njia mojawapo ilifikia mwisho na mzigo ukashushwa.

Historia inaeleza sehemu ya mpangilio huo. Goma ilianza mwaka 1906 kama kituo kidogo cha Wabelgiji kilichowekwa mkabala na kituo cha Wajerumani cha Kisenyi, yaani Gisenyi ya leo, wakati mataifa hayo mawili yalipokuwa yakigombania eneo la Kivu, na mpaka uliokubaliwa mwaka 1910 ukapita kati ya watu waliokuwa tayari wakioana, wakibadilishana mazao na kuelewana lugha. Kwa miongo mingi ulibaki mji mdogo wa utawala na wa mapumziko kando ya ziwa, mpaka vita na ukosefu wa usalama vijijini vilipowasukuma watu kuukimbilia, hasa kuanzia Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi walipovuka kutoka Rwanda katika muda wa siku chache. Leo mji una wakazi zaidi ya milioni 1 na umegawanyika katika komini mbili, yaani tarafa kubwa za mji: komini ya Goma, inayoshika ufuo wa ziwa na mitaa ya katikati, na komini ya Karisimbi, inayoshika kaskazini na magharibi, ambako ndiko wanakoishi watu wengi zaidi.

Birere na mpaka

Birere ni jina la jumla la mitaa iliyosongamana kati ya kitovu cha mji na mpaka wa Rwanda, na ndilo eneo ambalo biashara ya Goma imebanana kuliko kwingine. Msingi wake ni depo, yaani duka la jumla lenye ghala lake, ambamo mchele, sukari, mafuta ya kupikia, unga, sabuni na chumvi huuzwa kwa mifuko na katoni. Karibu na depo hukaa wauzaji wa rejareja wanaonunua mfuko mmoja na kuupima kwa kopo, na karibu nao hukaa wengine wanaonunua kwa kopo na kugawa katika vifuko vidogo, hata mchele uleule ukaweza kupita mikono mitatu ndani ya hatua chache kabla haujafika kwenye sufuria. Mgawanyo huu humfanya mnunuzi wa mwisho alipe zaidi kwa kila kilo, lakini ndio unaomwezesha mtu anayepata riziki yake siku kwa siku kununua chakula cha siku hiyo, na ndio unaompa kazi mtu ambaye mtaji wake hautoshi kununua hata mfuko mmoja mzima.

Ukaribu wa mpaka ndio uliofanya Birere iwe hivyo ilivyo. Pembeni mwake kipo kivuko kinachojulikana kwa jina lake la Kifaransa, Petite Barrière, yaani kizuizi kidogo, ili kutofautishwa na Grande Barrière, kizuizi kikubwa kilicho karibu na ziwa, ambako hupita magari mengi na wasafiri wa mbali. Kabla ya mwaka 2020, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakivuka Petite Barrière kwa miguu kila siku, na hivyo kukifanya kuwa miongoni mwa vivuko vya waenda kwa miguu vyenye shughuli nyingi zaidi barani Afrika. Wengi wao ni wanawake, na biashara yao huitwa biashara ndogo ya mpakani: mtu huvuka asubuhi, hununua mboga, mayai, maziwa, kuku au nyama upande wa Rwanda, hurudi kuviuza Goma, kisha siku inayofuata huanza upya kwa faida ya jana. Bidhaa nyingine huelekea upande wa pili, kwa kuwa vitambaa, viatu na vipodozi vinavyouzwa Kongo hutafutwa pia na wanunuzi wa Gisenyi. Soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, COMESA, limeweka utaratibu rahisi wa forodha kwa wafanyabiashara wa aina hii, ili mwenye kikapu kimoja asilazimike kumlipa wakala wa kujaza makaratasi yaliyotungwa kwa ajili ya makontena.

Bidhaa inayopendwa sana katika mitaa hii ni kikwembe, jina la Kikongo la kitambaa ambacho Watanzania na Wakenya hukiita kitenge. Muuzaji hukipanga kwa daraja: juu kabisa vile vya Uholanzi, ambavyo kampuni ya Vlisco imekuwa ikivitengeneza tangu mwaka 1846, na chini yake vile vya viwanda vya China, ambavyo bei yake ni sehemu ndogo tu ya vile vya kwanza. Kipande cha yadi 6 humtosha mwanamke kushona blauzi na sketi na kubakiza kitambaa cha kujifunga juu yake, na kwa sababu hiyo fundi wa cherehani hakosi kuwa jirani wa muuza vikwembe, kwani mteja akishachagua rangi hahitaji kwenda mbali kuchagua mshono.

Sehemu kubwa ya Birere imejengwa kwa mbao, kwa kuwa kuchimba msingi katika mwamba wa volkano ni kazi ngumu na ya gharama, na mbao zinaweza kusimamishwa upesi juu ya jiwe tupu. Urahisi huo una hatari yake. Moto ukizuka katika kibanda kimoja hurukia vingine haraka, vichochoro havipitishi gari la zimamoto, na mara nyingi familia zimepoteza makazi na mtaji wao wote katika usiku mmoja. Wengi hurudi na kujenga palepale, kwa sababu thamani ya mahali hapo haimo ndani ya nyumba bali katika ukaribu wake na mpaka.

Kanyamuhanga na maduka yaliyojengwa juu ya lava

Ukitoka Birere kuelekea magharibi unaingia katikati ya mji, ambako barabara kuu ya Kanyamuhanga inashika maduka ya vifaa vya umeme na simu, famasia, ofisi za usafiri, benki na zile zinazoitwa alimentasyo, yaani maduka ya vyakula vya kopo, vinywaji na vitu vya nyumbani. Hapa bidhaa zimesafiri mbali zaidi. Kontena linaloshushwa Mombasa hupitia Kampala na kuingia Kongo katika mpaka wa Bunagana kabla ya kuteremka Rutshuru hadi Goma, na lile linaloshushwa Dar es Salaam huweza kupitia Rusumo na Kigali na kuingilia Gisenyi. Nyuma ya mizigo hiyo wapo wafanyabiashara wenye mitandao mirefu, wakiwemo Wanande wa Butembo na Lubero, ambao kwa miongo kadhaa wamekuwa wakisafiri wenyewe hadi Dubai na Guangzhou kuchagua bidhaa, wakikopeshana na kudhaminiana kwa misingi ya undugu na kanisa mahali ambapo benki hazikuwafikia.

Mtaa huu ulipata pigo kubwa tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipopasuka na mkondo wa lava, yaani mwamba ulioyeyuka, kushuka hadi ziwani kupitia katikati ya mji. Lava ilifunika sehemu kubwa ya eneo la biashara, ikaangamiza kanisa kuu la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu na kipande cha njia ya ndege, na watu wapatao 120,000 wakakosa makazi. Wakazi wengi walirudi siku chache baadaye, mwamba ukiwa bado na joto, na biashara ikaanza upya juu yake. Kuna majengo ambayo ghorofa yake ya chini ilizikwa na ile ya juu ikawa ndiyo ya kuingilia kutoka barabarani. Lava ile iliyoharibu maduka iligeuka pia kuwa bidhaa: hupasuliwa kwa nyundo, huuzwa kwa malori, na ndiyo inayojenga kuta za mawe meusi zinazoonekana mji mzima.

Magharibi zaidi, katika mitaa ya Katindo na Himbi, maduka hubadilika tena. Nyumba kubwa za kando ya ziwa zilijengwa kwa fedha za biashara na za madini, hasa baada ya bei ya koltani, madini yanayotumika katika vifaa vya elektroniki, kupanda ghafla mwaka 2000, na kuwepo kwa mashirika ya misaada tangu mwaka 1994 kulileta wateja wanaolipwa kwa dola. Kwa hiyo hapa zipo hoteli, mikahawa na maduka ya kujihudumia yenye bei ambazo mkazi wa kawaida wa Karisimbi hawezi kuzimudu, na tofauti hiyo ya bei kati ya mitaa miwili iliyo karibu ni kipimo cha wazi cha pengo la kipato lililomo mjini.

Kituku, soko la ziwani

Kituku ni gati na soko kwa wakati mmoja. Boti za mbao zenye injini hufika hapo kutoka Minova, Kalehe, kisiwa cha Idjwi na vijiji vingine vya ufuoni, zikileta mihogo, ndizi, nyanya, vitunguu, mananasi na maharagwe, na mali nyingi huuzwa pale pale inaposhushwa, kabla ya wachuuzi kuichukua kwa pikipiki au kichwani hadi masoko ya ndani. Mnunuzi anayekwenda Kituku asubuhi hupata mazao yakiwa mabichi na kwa bei ya mtu wa kwanza, na ndiyo sababu wenye mikahawa na wauzaji wa mitaani huanzia hapo.

Ziwa lenyewe hutoa sambaza, samaki wadogo wa rangi ya fedha wanaofanana na dagaa, ambao hawakuwamo Kivu hapo mwanzo bali waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Huvuliwa usiku kwa taa, kwa boti tatu zilizofungwa sambamba huku wavu ukining'inia kwenye miti mirefu, na alfajiri huuzwa wakiwa wabichi, au huanikwa juani ili wadumu. Kwa familia nyingi ambazo nyama ni chakula cha sikukuu, sambaza pamoja na sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, na bugali, yaani ugali, wa muhogo au mahindi ndiyo mlo wenye nguvu unaopatikana kwa bei nafuu.

Virunga na njia za milimani

Soko la Virunga, katika komini ya Karisimbi, linaelekea upande mwingine kabisa. Ni kama tumbo la mji, kwa kuwa barabara ya taifa namba 2 huleta mahindi, maharagwe na ndizi kutoka Rutshuru, eneo lenye udongo wenye rutuba kubwa, huku barabara ya magharibi inayopitia Mugunga na Sake ikileta viazi, kabichi na maziwa kutoka milima ya Masisi. Wauzaji wamejigawa kwa safu bila kuandikiwa kanuni: wa lengalenga, yaani mchicha, pamoja na mboga nyingine za majani, wa unga, wa viazi, wa mitumba, wa vyombo vya plastiki. Kukaa pamoja kwa wauzaji wa kitu kimoja humsaidia mteja kulinganisha bei, lakini humsaidia pia muuzaji, kwa sababu anayeishiwa sarafu za kurudisha au anayehitaji kuondoka kidogo huachia meza yake kwa jirani.

Bidhaa za milimani zina chombo chao cha usafiri. Chukudu ni kigari cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani, kinachochongwa kwa mbao ngumu kama mkaratusi na kuvishwa mpira wa tairi kuukuu kwenye magurudumu, ambacho dereva wake hukisukuma kwa mguu penye tambarare, hukiongoza akiwa amepiga goti moja mteremkoni, na hukisukuma kwa mabega penye mlima. Kinabeba mamia ya kilo bila kuhitaji petroli, na mji umekiheshimu kwa sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu katika mzunguko wa barabara unaobeba jina lake.

Mzigo wa kawaida wa chukudu ni makala, na humo mna tatizo ambalo soko peke yake haliwezi kulimaliza. Sehemu ya makala yanayopika chakula cha Goma hutokana na miti inayokatwa kinyume cha sheria ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na iliyo kongwe kuliko hifadhi zote za taifa barani Afrika, na fedha za biashara hiyo zimekuwa zikiyalisha makundi yenye silaha. Bwawa la umeme la Matebe, lililoanza kazi mwaka 2015 katika eneo la Rutshuru, lilileta njia mbadala kwa nyumba na viwanda vidogo vilivyounganishwa, lakini mama mwenye kipato kidogo anaendelea kununua makala kwa kopo kwa sababu ndiyo nishati anayoweza kuilipia kidogokidogo.

Kutoka Masisi huja pia jibini ya Goma, inayotengenezwa katika mashamba ya ng'ombe kwa ufundi ulioingizwa na wamisionari na walowezi wa Kibelgiji na ambao sasa umekuwa mali ya wenyeji. Huuzwa ikiwa duara nene lenye ganda la manjano, bila kuhitaji jokofu kwa siku kadhaa kutokana na baridi ya milimani, na Wakongo wengi wanaosafiri kutoka Goma huiona kuwa zawadi inayofaa kubebwa.

Adabu na fedha za sokoni

Ununuzi Goma una utaratibu wake. Mnunuzi husalimu kwanza, humwita muuzaji Mama au Papa hata kama umri wao unalingana, kisha huuliza bei, na bei hiyo ni mwanzo wa mazungumzo tu. Mapatano yakifikiwa, muuzaji wa mboga au unga huongeza matabishi, yaani nyongeza ndogo juu ya kipimo, na nyongeza hiyo ndiyo inayomfanya mteja arudi kesho. Vitu vya thamani hutajwa kwa dola za Marekani na vidogo kwa faranga za Kongo, huku faranga za Rwanda zikitumika pia karibu na mpaka, na kwa hiyo katika mitaa mingi hukaa wabadilishaji fedha wakiwa na mafungu ya noti mezani. Noti ya dola iliyochanika hata kidogo hukataliwa, jambo ambalo mgeni hana budi kulijua mapema.

Mitaji midogo hulindwa kwa likelemba, utaratibu ambao wauzaji huchanga kiasi sawa kila siku au kila juma na kumpa mmoja wao jumla yote kwa zamu. Haina ofisi wala mikataba ya maandishi, na dhamana yake ni kwamba wanachama wote wanakaa safu moja na kuonana kila siku.

Njia zinapofungwa

Kwa kuwa masoko ya Goma yanaishi kwa njia zinazoingia mjini, kufungwa kwa njia moja huonekana mezani mara moja. Machi 2020, mpaka ulipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, maelfu ya wanawake wa Petite Barrière walipoteza kipato chao kwa siku moja, na baadaye wengine waliungana katika vikundi ili kuagiza mizigo pamoja. Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka tena, lava ikasimama Buhene kwenye ukingo wa mji baada ya kuikata barabara ya Rutshuru, na mazao ya kaskazini yakakwama. Juni 2022 waasi wa M23 waliiteka Bunagana na kuishika njia ya mizigo ya Uganda. Mapigano ya mwanzoni mwa 2024 yaliikata barabara ya Sake kwenda Minova, mizigo na abiria wakahamia ziwani, na tarehe 3 Oktoba mwaka huo boti iliyojaa kupita kiasi ikitoka Minova ilizama ikikaribia gati la Kituku, makumi ya watu wakafa mbele ya macho ya jamaa waliokuwa wakiwasubiri. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliuteka mji wenyewe. Maduka na maghala yaliporwa wakati wa mapigano, uwanja wa ndege na benki vikafungwa, na fedha taslimu zikaadimika kiasi kwamba hata mwenye akiba alishindwa kununua.

Katika kila moja ya matukio hayo soko lilirudi kabla ya ofisi, kwa kuwa wauzaji wengi hawana mshahara wa kusubiri. Uvumilivu huo unastahili heshima, lakini haufai kugeuzwa kisingizio cha kuwaacha peke yao. Mama anayelipa ushuru wa meza kila siku ana haki ya kupata paa, maji na choo pale anapouzia. Birere inahitaji njia pana za kupitisha gari la zimamoto na vituo vya maji. Kituku inahitaji gati imara, maboya ya kujiokolea na usimamizi unaokataa boti iliyozidiwa mzigo. Na mvukaji wa Petite Barrière anahitaji kujua ada halali ni zipi, ili asitozwe zaidi na yeyote mwenye sare. Mambo haya ni ya kawaida, na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na mali inayopita masokoni humo. Barabara, gati na vivuko ndivyo vilivyoijenga Goma, na wanaobeba mizigo yake kila siku wanastahili kutangulizwa katika mpango wowote wa kuujenga upya mji wao.